Hema la Nguo Nyembamba



Kwetu mtu akipanda baisikeli ana sababu yake. Anapeleka makaa sokoni, anamchukua mgonjwa kwenda dispensari, anampeleka mtoto shuleni, au anasukuma madumu ya mawese kutoka kijiji hata kijiji ili apate karo ya watoto. Baisikeli, ambayo wengi kwetu huiita kinga, ni punda wetu na ni gari letu. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa kijiji kwamba iko nchi ambako mtu mwenye nyumba nzuri huiacha, hufunga hema juu ya baisikeli, huenda peke yake mchana kutwa bila biashara, bila msiba na bila arusi, na usiku hulala chini juu ya majani, mzee atakuuliza mambo mawili. La kwanza: "Je, amegombana na mke wake?" La pili: "Haogopi?"

Maswali hayo ni ya haki, wala tusiyacheke. Katika vijiji vyetu mtu anayependa kukaa peke yake hutiliwa shaka. Watu husema ana kiburi, au ana hasira, au anaficha jambo baya. Lakini Injili yatusimulia kwamba Bwana wetu Yesu Kristu, baada ya kuwashibisha makutano, alipanda mlimani peke yake kusali. Basi kuwa peke yako si dhambi. Neno la kuuliza ni hili: je, mtu huyo yu peke yake kweli? Nitawaeleza siku moja ya safari ya namna hiyo, niliyoifanya mwezi wa Juni mwaka 2025 katika jimbo la Norfolk, mashariki ya Uingereza. Tuifuate hatua kwa hatua, kisha tumjibu mzee wetu.

MZIGO WA MSAFIRI

Safari ilianzia King's Lynn, mji wa bandari wa zamani kando ya mto. Mwisho wake ulikuwa Walsingham, kijiji cha Bikira Maria, kwa njia inayozunguka karibu na bahari: kilomita kama 60. Mzigo wote ulikuwa kilo 12 hivi: hema, mfuko wa kulalia, jiko dogo la spiriti, sufuria moja, mkate, jibini, majani ya chai, koti la mvua, pampu, na vifaa vya kuziba tairi. Vyote viligawanywa katika mifuko miwili, mmoja kila upande wa gurudumu la nyuma, ili baisikeli isielemee upande mmoja. Mwendesha baisikeli hujifunza upesi kutenga kinachohitajiwa na kinachotamaniwa tu, maana kila kilo aliyoiweka asubuhi ataikumbuka mlimani saa nane ya mchana.

Desturi hii ya kusafiri kwa baisikeli na kulala hemani ina mwanzilishi wake. Alikuwa mshona nguo wa London, jina lake Thomas Hiram Holding. Mwaka 1898 alitoa kitabu juu ya safari yake na rafiki zake katika Connemara, nchi ya Ireland, walikokwenda kwa baisikeli na mahema. Kabla ya hapo hema lilikuwa kitu kizito cha askari, cha kuchukuliwa na farasi au na wapagazi. Yeye, kwa kuwa alijua nguo na uzi, alishona mahema mepesi ambayo mtu mmoja aliweza kuyafunga juu ya baisikeli yake. Mwaka 1901 alianzisha chama cha wapiga hema wa baisikeli, nacho kipo mpaka leo chini ya jina jingine, na wanachama wake ni wengi sana. Hivyo hata kabla ya kuondoka asubuhi, msafiri alikuwa na mwenzake wa kwanza: fundi aliyekwisha kufa zamani, aliyemshonea nyumba ya kuchukulika.

Kabla ya kupanda baisikeli niliingia katika kanisa katoliki la King's Lynn. Kanisa hilo lina historia yake. Mwaka 1897, kwa kibali cha Papa Leo XIII, ibada kwa Bikira Maria wa Walsingham ilirudishwa hapo, baada ya miaka zaidi ya 350 ya kukatazwa. Nilisali kwa kitambo, kisha nikatoka, kukiwa na mvua nyembamba kama umande.

BARABARA HUTENGENEZWA NA WATU

Nje ya mji barabara kubwa ina magari mengi yaendayo mbio, nayo ni hatari kwa mtu wa baisikeli. Lakini pembeni pana kibao kidogo cha buluu chenye namba 1. Hiyo ndiyo njia ya baisikeli inayotoka Dover, kusini mashariki mwa Uingereza, mpaka visiwa vya Shetland kaskazini ya Scotland. Ukifuata vibao hivyo huhitaji kumwuliza mtu. Vinakupitisha katika vijia vya mashamba, nyuma ya nyumba, na chini ya miti mikubwa.

Vibao hivyo havikuota kama uyoga. Mwaka 1878 vijana wapenda baisikeli walikutana katika mji wa Harrogate wakaunda chama chao. Barabara za wakati ule zilikuwa za vumbi wakati wa jua na za matope wakati wa mvua. Mwaka 1886 watu wa baisikeli walianza kuidai serikali itengeneze barabara, wakaandika vitabu vya kuonyesha jinsi ya kufanya kazi hiyo. Wakati huo magari ya petroli yalikuwa hayajafika katika nchi hiyo. Wenye magari wa leo wanaomtukana mtu wa baisikeli kwa kuwa yuko barabarani hawajui kwamba yeye ndiye aliyewaombea barabara hiyo.

Baadaye magari yalipozidi, baisikeli zilisukumwa pembeni. Ndipo mwaka 1977 watu wachache wa mji wa Bristol wakaanza kudai njia za baisikeli, na baada ya muda mfupi wakaanza kazi kwa mikono yao. Walichukua njia ya zamani ya gari la moshi isiyotumika tena, wakaifyeka, wakaitandaza changarawe. Mwaka 1995 walipata fedha za bahati nasibu ya taifa, na kutoka hapo ukatokea mtandao wa njia uliofika nchi nzima. Angalieni, wapenzi: kazi iliyoanza kwa majembe ya watu wachache leo inamwongoza mgeni asiyejua hata jina moja la kijiji.

Baada ya kilomita kama 7 nilifika Castle Rising, penye ngome ya mawe iliyoanza kujengwa karibu na mwaka 1138. Mbele yake ni Sandringham, nyumba ya mashambani ya wafalme wa Uingereza. Humo ndimo alimokufa Mfalme George VI, tarehe 6 Februari 1952, akiwa usingizini. Binti yake Elizabeth alikuwa Kenya siku ile, na huko ndiko alikopashwa habari kwamba sasa yeye ni malkia. Njia ya baisikeli inapita katikati ya miti ya nyumba hiyo kubwa, na mtu yeyote anaruhusiwa kupita, hata asiye na kitu ila mkate mfukoni.

MWIBA NA MPIRA

Mashamba ya Uingereza huzungukwa na ua wa miti ya miiba. Wakulima wakiupunguza, miiba huanguka njiani. Karibu na Snettisham tairi la nyuma lilianza kupiga kelele kama nyoka, na kabla sijahesabu kumi lilikuwa limelala. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipalilia maua mbele ya nyumba yake aliona yote. Hakuuliza natoka wapi. Aliingia ndani, akarudi na beseni la maji na kikombe cha chai.

Kila kijana wa kwetu anajua kazi hiyo. Unageuza baisikeli miguu juu, unatoa mpira wa ndani, unaujaza upepo, unauzamisha majini mpaka uone viputo. Unaukausha, unausugua, unapaka gundi, unangoja, unabandika kiraka. Kazi ya dakika 20. Lakini dakika hizo zilinipa la kufikiri.

Tairi lenye upepo lilitengenezwa na daktari wa wanyama aliyeitwa John Boyd Dunlop, katika mji wa Belfast. Alitaka kumpunguzia mtoto wake mitikisiko ya baisikeli yake ya magurudumu matatu, akapata hati ya ugunduzi huo mwaka 1888. Kwa tairi hilo baisikeli ikawa nyepesi na ya raha. Katika miaka iliyofuata watu wa Ulaya na Marekani walinunua baisikeli kwa wingi sana. Mafundi, makarani, walimu, na wasichana waliokuwa hawajatoka kijijini kwao bila kusindikizwa, wote waliweza kwenda kuona nchi siku ya mapumziko. Hiyo ilikuwa baraka kwao.

Lakini mpira ulitoka wapi? Mashamba makubwa ya miti ya mpira huko Asia yalikuwa bado hayajakomaa. Mpira ulitoka katika misitu ya Brazili, na ulitoka kwetu. Miaka ile Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Léopold II, toka mwaka 1885 mpaka 1908. Babu zetu walilazimishwa kuingia msituni kukata mitambaa ya mpira. Waliopungukiwa na kipimo walipigwa kiboko, wake zao walishikwa kama amana, vijiji vilichomwa, na askari walikata mikono ya watu. Mambo hayo si hadithi. Mwaka 1904 serikali ya Uingereza ilichapa taarifa ya balozi wake mdogo, Roger Casement, aliyepita mtoni na kuwasikiliza watu wenyewe. Alice Seeley Harris, mmisionari wa Kiprotestanti, alipiga picha zilizowaonyesha Wazungu kwao kile kilichotendwa. Mwaka ule ule Edmund Morel na wenzake waliunda chama cha kudai haki kwa Wakongo, na kelele zao zilisaidia kumwondolea Léopold nchi hiyo mwaka 1908.

Sikumweleza mama yule mambo hayo. Alinipa chai kwa moyo mweupe, na wala si yeye aliyefanya dhambi ile. Lakini tunapoitazama furaha ya baisikeli katika vijia vile vya kijani, tukumbuke kwamba miongoni mwa walioiwezesha wamo babu zetu, ambao hawakuulizwa. Tairi likiviringika, nao wamo safarini. Atakayesema alisafiri peke yake, awahesabu kwanza hao.

NJIA ISIYOFUNGWA

Mchana jua lilitoka. Karibu na Ringstead njia inakatwa na barabara ya kale iitwayo Peddars Way, iliyotengenezwa na Warumi katika karne ya kwanza baada ya Kristu. Ni nyofu kama kamba iliyovutwa, na sehemu kubwa leo ni kijia cha majani kati ya mashamba ya ngano na shayiri. Ndege aitwaye kipozamataza alikuwa juu akiimba bila kupumua, na maua mekundu yalikuwa yametapakaa ndani ya ngano.

Hapo utaona jambo la ajabu kwa mgeni. Shamba ni la mtu, ngano ni ya mtu, lakini kijia kinachopita katikati ni cha watu wote. Mwenye shamba hana ruhusa ya kukilima wala kukifunga apendavyo, kwa kuwa kimeandikwa katika ramani ya serikali ya mitaa kama njia ya haki. Viko vijia vya watu wa miguu tu, na viko vya watu wa farasi. Mwaka 1968 sheria iliruhusu baisikeli kupita katika njia za farasi, kwa sharti moja zuri: mwenye baisikeli awapishe waendao kwa miguu na waliopanda farasi. Mwenye mwendo zaidi ndiye anayengoja. Sheria hiyo ningependa ibandikwe katika njia panda zote za miji yetu.

Haki hiyo nayo haikupatikana bure. Huko Derbyshire, mwezi wa Aprili mwaka 1932, mamia ya vijana wafanya kazi wa viwandani walipanda mlima Kinder Scout, uliofungwa ili matajiri wawinde ndege. Watano walitiwa gerezani. Lakini mwaka 1949 bunge lilipitisha sheria ya kuhifadhi mbuga za taifa na ya kuandika njia za watu katika ramani.

Baada ya Ringstead huja vijiji vinavyoitwa Burnham, vingi karibu karibu. Katika Burnham Thorpe alizaliwa jemadari wa bahari Nelson, mwaka 1758, mtoto wa mchungaji wa parokia. Katika Burnham Norton bado lasimama lango la konventi ya Wakarmeli iliyoanzishwa mwaka 1241. Mbele ni Holkham, jumba kubwa lenye bustani pana na kulungu wengi. Mwenye jumba hilo, Thomas Coke, aliyekufa mwaka 1842, alijulikana kwa kilimo kuliko kwa utajiri. Wakulima wa Norfolk walikuwa wakibadilisha mazao katika shamba moja miaka minne mfululizo: ngano, kisha tanipu za kulisha mifugo, kisha shayiri, kisha majani ya klova yanayoirudishia ardhi nguvu. Coke aliwaalika watu kutoka mbali waje kujionea. Alipokufa, wapangaji wake na majirani walimjengea mnara, na pembeni mwake wakaweka sanamu za ng'ombe, kondoo, plau na mashine ya kupandia mbegu. Heri mtu ambaye kaburi lake lakumbukwa kwa mbegu, si kwa bunduki.

Jambo moja zaidi la mchana huo: maji. Norfolk ina makanisa zaidi ya 600 yaliyojengwa kabla ya karne ya 16, na zaidi ya 100 yana minara ya mviringo ya mawe madogo magumu. Zamani yalikuwa yetu Wakatoliki. Tangu mageuzi ya karne ile yako mikononi mwa ndugu zetu Waanglikana. Mengi hayafungwi mchana, na katika makaburi mara nyingi pana bomba la maji kwa ajili ya maua. Wasafiri wa baisikeli wanalijua sana. Nilijaza chupa yangu, nikakaa kidogo ndani ya ukimya wa kanisa, nikawaombea waliolijenga na wanaolifagia.

MAILI MOJA YA MIGUU MITUPU

Kutoka mji mdogo wa Wells, kando ya bahari, njia inageuka kusini, na baada ya kilomita kama 8 unafika Walsingham. Inasimuliwa kwamba mwaka 1061 mama mmoja mwenye cheo, Richeldis, alionyeshwa na Bikira Maria ile nyumba ya Nazareti, akaagizwa ajenge mfano wake mahali hapo. Kwa karne nyingi Walsingham ilikuwa moja ya mahali pakubwa pa hija katika Ulaya. Wafalme na maskini walikwenda huko. Hata Henry VIII alihiji alipokuwa kijana, na yasemekana alitembea bila viatu.

Mfalme huyo huyo, alipogombana na Roma, aliifunga. Mwaka 1537 watu kadhaa waliopinga walinyongwa, miongoni mwao mtawa Nicholas Mileham, msaidizi wa mkubwa wa monasteri. Mwaka 1538 monasteri ilifungwa na sanamu ya Bikira ikachukuliwa London ikachomwa. Leo umebaki ukuta mmoja mrefu wenye tao tupu, na mbingu ikionekana ndani yake.

Maili moja kabla ya kijiji, kwa wale watokao kusini, lilibaki kanisa dogo lililojengwa katika karne ya 14. Lilikuwa kituo cha mwisho cha mahujaji. Huitwa kanisa la viatu, kwa sababu wengi waliacha viatu vyao hapo wakamalizia njia kwa miguu mitupu. Baada ya mwaka 1538 likawa ghala na zizi la ng'ombe. Mwaka 1896 mama mmoja, Charlotte Boyd, alilinunua kwa fedha zake akalitoa kwa Kanisa Katoliki. Mwaka 1934 Kardinali Bourne aliongoza maelfu ya Wakatoliki kwenda huko, na mwaka 2015 Papa Fransisko akalipa cheo cha basilika ndogo. Zizi la ng'ombe limekuwa basilika. Mwanzo wake ulikuwa mama mmoja aliyeona haya kuliona kanisa la Maria likinukia samadi.

Niliendesha mpaka kanisa hilo, nikavua viatu, nikageuka, nikaisukuma baisikeli ile maili moja kurudi kijijini. Kijia ni chembamba, lami ilikuwa bado na joto la jua, na mawe madogo yalichoma. Baada ya siku nzima juu ya magurudumu, miguu yangu ilikumbuka udongo ni nini. Kundi la mahujaji kutoka parokia fulani walikuwa mbele, Waingereza, Wahindi, na Waafrika pamoja, wakisali rozari. Niliwafuata kwa nyuma bila kusema neno, nikaitikia Salamu Maria kwa lugha yangu moyoni.

USIKU

Katika Uingereza huwezi kupiga hema popote upendapo. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na lazima uombe ruhusa. Ni katika ardhi ya malisho ya pamoja ya Dartmoor tu, kusini magharibi, ambako mtu anaruhusiwa kulala bila kuomba. Na hata haki hiyo ilishtakiwa, mpaka Mahakama ya Juu ilipoithibitisha mwezi wa Mei 2025. Nilimwomba mkulima mmoja. Alinionyesha pembe ya shamba chini ya miti, akaonyesha bomba, akapokea malipo kidogo, akasema: "Funga mlango wa ua, kondoo wasitoke." Basi.

Kupiga hema ni kazi ya robo saa. Unachagua mahali palipoinuka kidogo ili mvua isikukute bondeni, unatandika, unapigilia mambo, unavuta kamba. Nilichemsha chai, nikala mkate. Saa tatu ya usiku jua lilikuwa bado halijatua. Huko mwezi wa Juni mwanga hauna haraka, tofauti na kwetu ambako jua huzama saa kumi na mbili kama jiwe majini. Kisha giza likaja polepole. Nilikuwa mgeni, mweusi, peke yangu, bila mlango, bila kufuli, bila silaha. Kati yangu na dunia yote ilikuwa nguo moja nyembamba kuliko shati. Na nililala mpaka alfajiri.

Sasa twaweza kumjibu mzee wetu. Swali la kwanza ni jepesi: hakugombana na mke wake. Alitaka siku moja ya kunyamaza, na siku hiyo ilimfanya awapende zaidi walio nyumbani.

Swali la pili ndilo zito. Haogopi? La, haogopi. Lakini si kwa sababu ni shujaa, wala si kwa sababu hema lina nguvu. Haogopi kwa sababu yuko mkulima anayetii sheria, yuko mama wa beseni la maji, wako walioenda gerezani kwa ajili ya vijia, wako waliofyeka kwa majembe. Nchi ile nayo ilikuwa na siku zake za kunyonga watawa na kuchoma sanamu. Amani yake haikushuka kutoka mawinguni. Watu waliijenga polepole, na ingali inahitaji kutunzwa, maana hata huko wako wanaoonewa na wanaoogopa.

Na sisi? Katika mashariki ya Kongo hema limekuwa jina la mateso. Tangu mwaka 1996 vita vimekwenda na kurudi. Mpaka mwanzo wa mwaka 2025 makambi ya Bulengo na Kanyaruchinya, karibu na Goma, yalijaa jamaa waliolala chini ya turubai juu ya mawe ya volkano, si kwa kupenda, bali kwa kukimbia. Mtu mmoja hulala chini ya nguo nyembamba kwa sababu nchi yake ina amani. Mwingine hulala chini ya nguo nyembamba kwa sababu amani imemkimbia. Nguo ni ile ile. Tofauti haimo katika hema, imo katika watu wanaolizunguka.

Akina baba na akina mama, nanyi wanafunzi, hatuwezi leo kumaliza vita kwa kalamu. Lakini njia inayopita mbele ya nyumba yetu iko mikononi mwetu. Tuifyeke. Ubao wa daraja ukioza, tuubadilishe kabla mtoto hajaanguka. Mpita njia akiomba maji, tusimwulize kwanza kabila lake. Mwenye pikipiki ampishe mwenye baisikeli, na mwenye baisikeli ampishe mama mwenye mzigo kichwani. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayelala salama kijijini petu ni ushuhuda kwamba kijiji kile ni kizima.

Tumwombe Bikira Maria, Malkia wa Amani, ambaye yeye pia alisafiri njia ndefu milimani kwenda kwa Elisabeti, na usiku mwingine akakimbia na Mtoto mchanga kwenda Misri. Atuombee kwa Mwanae, ili siku moja kijana wa Masisi, wa Fizi au wa Beni aweze kufunga mkate wake juu ya kinga, aende peke yake kuiona nchi aliyopewa na Mungu, na usiku alale pembeni ya njia chini ya nguo nyembamba, asiogope kitu.